Pima Kabla ya Kununua: Seva ya Nyumbani Ikienda Kama Kobe, Diski Mara Nyingi Husingiziwa

Leo nina neno na wenzangu mlioweka seva ndogo ya kuhifadhia faili nyumbani. Kuna ugonjwa umeenea. Mtu ananakili picha kutoka kwa tarakilishi yake kwenda kwa seva, anaona kasi ni megabaiti 11 kwa sekunde, na kesho yake yuko mjini akiulizia bei ya diski mpya. Wiki moja baadaye diski mpya imefungwa, maelfu ya shilingi yamekwenda, na kasi ni ile ile: megabaiti 11 kwa sekunde.

Msimamo wangu ni huu: asitoe mtu hata shilingi kumi kabla ya kupima. Kupima ni bure. Programu zinazohitajika hazilipiwi, na kazi nzima haizidi saa moja. Lakini wengi wetu tunaruka hatua hiyo kwa sababu kununua ni rahisi kuliko kuuliza, na kwa sababu muuzaji hana faida yoyote ukigundua kwamba tatizo lako ni waya wa shilingi mia chache.

Kwa nini napiga kelele

Kuna watakaosema kwamba kasi ni anasa tu. Faili zitafika, ziwe zimechukua dakika ishirini au saa tatu. Sikubaliani nao hata kidogo.

Kazi kubwa ya seva ya nyumbani ni kukaa na nakala ya pili ya vitu ambavyo havinunuliki: picha za watoto, video ya mazishi ya nyanya, vyeti, hesabu za biashara. Nakala hiyo inafanywa na binadamu, tena binadamu aliyechoka, saa nne za usiku. Ikichukua robo saa, ataifanya. Ikichukua saa tatu, ataiahirisha hadi kesho, na kesho hadi Jumapili, na Jumapili kuna wageni. Halafu laptopu inaibwa kwenye matatu. Hapo ndipo unagundua kwamba seva ilikuwa imewaka mwaka mzima, inakula stima, na ndani yake picha za mwisho ni za Krismasi ya mwaka juzi.

Kwa hivyo seva inayokwenda polepole si usumbufu mdogo. Ni seva ambayo mwenyewe ataacha kuitumia, na siku atakayoacha hakuna kengele itakayolia.

Hesabu ya darasa la sita

Kabla hujapima chochote, elewa vipimo. Watu wa mitandao huhesabu kwa biti. Watu wa faili huhesabu kwa baiti. Baiti moja ni biti 8. Basi mtandao ulioandikwa gigabiti 1 kwa sekunde hauwezi kupitisha zaidi ya megabaiti 125 kwa sekunde, na ukiondoa anwani na vichwa vinavyofungwa kwenye kila pakiti, faili yenyewe hupata kama megabaiti 110 hadi 118. Anayekuambia kwamba gigabiti yake inampa megabaiti 200 kwa sekunde anasoma kasi ya kumbukumbu ya RAM, si ya waya.

Ukishajua hilo, namba inayoonekana kwenye skrini inakuwa kama alama ya kidole. Mimi huangalia namba kwanza, kabla ya kugusa kitu chochote:

- Kama 11 hadi 12: kuna mahali njiani mtandao umeshuka hadi megabiti 100. Megabiti 100 gawanya kwa 8 ni 12.5, toa gharama za njiani, unabaki na 11 na kitu.

- Kama 35 hadi 40: shuku USB 2.0. Kwenye karatasi ni megabiti 480 kwa sekunde, lakini diski ya nje iliyochomekwa hapo haivuki sana megabaiti 40.

- Kama 110 hadi 118: una gigabiti iliyojaa. Huna tatizo. Nenda kalale.

- Inaanza 110, halafu inaporomoka baada ya muda: mtandao ni mzima. Mwanzo ulikuwa ukijaza RAM ya seva, sasa unaona kasi ya diski yenyewe.

- Inapanda na kushuka kama ndege kwenye upepo: mara nyingi ni waifai, au kebo mbovu.

Sasa hesabu ya saa. Gigabaiti 500 kwa kasi ya 11 ni zaidi ya saa 12 na nusu. Gigabaiti hizo hizo kwa kasi ya 110 ni kama dakika 76. Tofauti hiyo ndiyo tofauti kati ya bakapu inayofanyika na ile inayobaki kuwa nia njema.

Mnyororo una pete tatu

Faili inapotoka kwa laptopu kwenda kwa seva hupita mtandao, kisha programu inayoipokea, kisha diski. Kasi utakayoiona ni ya pete iliyo dhaifu kuliko zote. Kosa la watu ni kupima mnyororo mzima kwa pamoja, kwa kunakili faili, halafu kukisia ni pete ipi. Pima kila pete peke yake.

Pete ya kwanza: mtandao

Kuna programu ya bure inaitwa iperf3. Inatuma data kutoka RAM ya mashine moja hadi RAM ya nyingine. Diski haiguswi kabisa, kwa hivyo jibu lake ni la mtandao peke yake. Kwenye seva unaandika:

iperf3 -s

Na kwenye laptopu, ukiweka anwani ya seva yako:

iperf3 -c 192.168.1.20

Kisha rudia ukiongeza -R mwishoni, ili data ije upande wa pili. Fanya zote mbili, kwa maana kuna mitandao inayokwenda vizuri upande mmoja na kuchechemea upande mwingine.

Ukipata karibu 940, gigabiti yako ni nzima na unaweza kuacha kuulaumu mtandao. Ukipata 94, umempata mwizi: kiungo kimeshuka hadi megabiti 100. Kwenye Linux hakikisha kwa amri ya ethtool ikifuatwa na jina la kadi ya mtandao, utazame mstari wa Speed na ule wa Duplex. Kwenye Windows namba hiyo iko kwenye maelezo ya kadi ya mtandao.

Kwa nini kishuke? Sababu ni ya kimwili kabisa. Kebo ya mtandao ina nyaya 8, yaani jozi 4. Megabiti 100 hutumia jozi 2 tu. Gigabiti, tangu kiwango chake cha waya wa shaba kilipopitishwa mwaka 1999, inahitaji jozi zote 4. Waya mmoja kati ya hizo 8 ukikatika, au pini moja ikikosa kushika vizuri, kadi nyingi hujishusha kimya kimya hadi megabiti 100 na kuendelea na kazi. Intaneti inafunguka, barua pepe zinaingia, taa zinawaka. Hakuna linaloonyesha kwamba umepoteza asilimia 90 ya kasi yako.

Na hapa kwetu kebo ni tatizo hasa. Nyingi za bei rahisi si shaba tupu, ni alumini iliyopakwa shaba juu. Alumini hukatika upesi ikikunjwa, na hupoteza nguvu ya mawimbi zaidi ya shaba. Kebo ya Cat5e ya shaba halisi inatosha kwa gigabiti hadi mita 100. Huhitaji Cat8 yenye kasha la kung'aa. Unahitaji shaba, na fundi aliyezibana pini zote nane.

Kisha angalia rauta. Rauta nyingi za bei nafuu, hata zile zinazojisifu kwa waifai ya kasi, zina soketi za nyuma za megabiti 100 tu. Laptopu na seva zikichomekwa zote humo, dari yako ni 11, na hakuna diski duniani itakayoipandisha. Dawa yake ni swichi ndogo ya gigabiti yenye soketi tano: seva na tarakilishi zichomekwe kwenye swichi, na waya mmoja utoke kwenye swichi uende kwa rauta. Data ya nyumbani haitapita tena kwenye soketi za rauta.

Na waifai? Namba iliyoandikwa kwenye kasha la rauta ni jumla ya masafa mawili. Rauta ya AC1200, kwa mfano, ni 300 ya masafa ya 2.4 ukijumlisha na 867 ya masafa ya 5. Laptopu yako kwa kawaida hutumia moja kwa wakati mmoja. Halafu hewa ni ya wote: vifaa hupokezana kusema, na sehemu ya muda hupotea kwenye kupokezana huko. Ukipata nusu ya ile 867 mkiwa chumba kimoja na rauta, shukuru. Nyumba zetu zina kuta za mawe, na masafa ya 5 yakikutana na ukuta wa mawe hayana nguvu tena. Kama seva nayo iko kwenye waifai, hali ni mbaya zaidi, maana kila baiti inapita hewani mara mbili: kutoka laptopu hadi rauta, na kutoka rauta hadi seva. Ushauri wangu hapa hauna mjadala: laptopu inaweza kutembea, lakini seva ifungwe kwa waya.

Pete ya pili: diski

Sasa ingia kwenye seva yenyewe na upime diski bila mtandao. Ukiwa ndani ya folda iliyo kwenye diski hiyo, andika:

dd if=/dev/zero of=jaribio.bin bs=1M count=4096 conv=fdatasync

Hilo neno la mwisho ni muhimu, kwa kuwa linailazimisha mashine isubiri data ifike kwenye diski ndipo itoe hesabu. Bila hilo utasifu RAM. Na angalizo: baada ya of= weka jina la faili, usiweke jina la diski, la sivyo utafuta kila kitu ulichokuwa ukikilinda. Ukimaliza, futa faili ya jaribio. Kama mfumo wako wa faili unabana data wenyewe, kama ZFS inavyoweza kufanya, jaribio hili litakudanganya, maana sifuri tupu hubanwa zikawa si kitu. Hapo tumia faili halisi ya video.

Diski ya kawaida ya kuzunguka, ya miaka ya karibuni, hutoa megabaiti 150 au zaidi kwa faili kubwa moja. Umeelewa maana yake? Diski moja tu ya kawaida inaishinda gigabiti. Ndiyo maana nasema diski husingiziwa.

Lakini kuna nyakati ambapo diski ina hatia, na ni haki kuzitaja. Ya kwanza ni diski inayokufa. Amri ya smartctl -a itakuonyesha. Tazama idadi ya sekta zilizohamishwa na zinazosubiri kuhamishwa. Hesabu hizo zikipanda, usitafute kasi tena, tafuta mahali pa kunakili data usiku huo huo. Hesabu ya makosa ya CRC ikipanda huku nyingine zimetulia, mara nyingi mwenye kosa ni kebo ya SATA ndani ya mashine, si diski.

Ya pili ni diski za SMR. Katika diski hizi nyimbo za data hulaliana kama mabati ya paa, ili diski ibebe data zaidi. Kusoma ni sawa tu. Lakini kuandika upya katikati ni kama kubadilisha bati moja la chini: lazima uinue yaliyolalia juu yake. Diski huficha hilo kwa kuandika kwanza kwenye sehemu yake ya akiba kwa kasi nzuri, na akiba ikijaa kasi huanguka vibaya. Mwezi wa Aprili mwaka 2020 ilijulikana kwamba Western Digital ilikuwa imeweka teknolojia hiyo kwenye baadhi ya diski zake za WD Red, zilizouzwa kwa ajili ya seva za nyumbani, bila kuwaambia wanunuzi. Baada ya kelele nyingi kampuni ilichapisha orodha ya diski zinazohusika, na mwaka huo huo ikatenga jina la WD Red Plus kwa diski zisizo na SMR. Funzo lake ni kwamba kabla ya kununua diski ya seva, tafuta namba kamili ya modeli yake na uhakikishe ni CMR. Rangi ya karatasi iliyobandikwa juu haitoshi.

Ya tatu ni njia ya kufikia diski. Raspberry Pi ni seva nzuri ya kuanzia, lakini ujue ni ipi uliyo nayo. Pi 3B ina mtandao wa megabiti 100 tu. Pi 3B+ ya mwaka 2018 imeandikwa gigabiti, lakini gigabiti hiyo inapita ndani ya USB 2.0, kwa hivyo huishia kama megabiti 300, na diski nayo iko kwenye USB hiyo hiyo. Pi 4 ya mwaka 2019 ndiyo ya kwanza katika ukoo huo kuwa na gigabiti kamili pamoja na USB 3.0. Hata hapo, watu huchomeka diski kwenye soketi nyeusi ya USB 2.0 na kuiacha ile ya buluu iliyo karibu nayo ikiwa tupu.

Pete ya tatu: programu na prosesa

Mtandao ni mzima, diski ni nzima, bado mwendo ni wa kobe. Fungua top au htop kwenye seva wakati faili inahamishwa. Kiini kimoja cha prosesa kikisimama kwenye asilimia 100, umeona pete ya tatu.

Mara nyingi ni usimbaji. Anayenakili kwa SFTP anasimba kila baiti. Diski iliyosimbwa nayo inasimbwa kila baiti. Prosesa za kisasa zina amri maalumu za AES na hata hazitoki jasho. Lakini Raspberry Pi zote kabla ya Pi 5 ya mwaka 2023 hazina amri hizo, na utaliona hilo kwenye kasi. Ukiwa ndani ya nyumba yako, kwenye mtandao unaouamini, Samba ya kawaida itakuwa nyepesi zaidi. Jambo lingine ni diski iliyofomatiwa kwa NTFS ikisomwa na Linux kwa ile programu ya zamani ya ntfs-3g: inakula prosesa sana kwenye mashine dhaifu. Seva ya Linux ipewe diski ya ext4, basi.

Halafu kuna faili ndogo. Hapa ndipo wengi hukata tamaa, kwa kuwa kila kipimo kinasema sawa na bado folda haimaliziki. Kila faili ina adabu zake: fungua, uliza ruhusa, andika, weka tarehe, funga. Tuseme adabu hizo zinachukua sehemu 20 za elfu za sekunde kwa kila faili. Folda ya faili 40,000 zenye kilobaiti 50 kila moja ina gigabaiti 2 tu, na kwa gigabiti ingepaswa kumalizika kwa sekunde 18. Lakini adabu peke yake ni sekunde 800, yaani zaidi ya dakika 13. Kuongeza kasi ya mtandao hakutasaidia, kwa sababu mtandao umekaa bure ukisubiri. Dawa ni kuzifunga faili hizo kuwa faili moja ya tar au zip kabla ya kuzisafirisha, au kutumia rsync, ambayo mara ya pili hupeleka tu kilichobadilika. Andrew Tridgell, aliyeanzisha Samba, ndiye aliyeiandika rsync pamoja na Paul Mackerras mwaka 1996, na hadi leo sijaona kitu cha bure kinachoishinda kwa kazi hii.

Mfano wa kweli

Kuna mpiga picha wa harusi ninayemfahamu hapa Nairobi. Seva yake ni tarakilishi iliyotumika Uingereza, zile tunazoziita ex-UK, yenye diski mbili ndani. Kila Jumamosi anarudi na kama gigabaiti 120 za picha na video. Kwa kasi ya 11 hiyo ni saa tatu. Alikuwa amechoka kungoja, na kwa miezi miwili kazi za wateja wake zilikuwa zimekaa kwenye laptopu pekee. Hebu fikiria: harusi nane za watu, na nakala ni moja. Muuzaji mmoja mjini alikuwa amemwambia kwamba diski zimechoka na kwamba anunue seva iliyotengenezwa kiwandani pamoja na diski mpya.

Tulipima. Diski ilitoa 160. Prosesa ilikuwa imelala. iperf3 ilisema 94. Tukaufuata waya kutoka studio hadi chumba cha ndani, na ulikuwa umepita chini ya mlango unaofungwa na kufunguliwa siku nzima. Kebo mpya ya shaba ya mita 10 haikufika shilingi elfu moja. Kasi ilikwenda 109, na gigabaiti 120 zikawa dakika 18. Folda yake ya picha ndogo za maonyesho iliendelea kusuasua, na hiyo tukaitibu kwa tar, maana ilikuwa ugonjwa mwingine.

Kumbuka kwamba kama angemsikiliza yule muuzaji, angechomeka seva mpya kwenye kebo ile ile.

Ushauri ninaoupinga

Sasa nifike kwenye jambo linaloniudhi zaidi. Ukitafuta namna ya kuongeza kasi ya seva, utakutana haraka na ushauri wa aina hii: weka async kwenye NFS, weka sync=disabled kwenye ZFS, zima barrier kwenye ext4. Na kweli, kasi itapanda. Lakini unajua unachouza?

Programu inayojali data, kama hifadhidata au mashine pepe, hufika mahali ikaiuliza seva: je, data hii iko kwenye diski kweli? Mipangilio hiyo inaifundisha seva kujibu ndiyo wakati data bado iko kwenye RAM. Stima ikipotea sekunde hiyo, kilichokuwa kwenye RAM kimekwenda, na programu ilikuwa imeshaahidiwa. Ukizima barrier, hata mfumo wa faili wenyewe unaweza kuharibika.

Aliyeandika ushauri huo huenda anaishi mahali ambapo stima hupotea mara moja kwa mwaka. Sisi tunajua tunakoishi. Mvua ikinyesha kidogo, giza. Transfoma ikilia, giza. Kwa nyumba zetu ushauri huo ni hatari, na anayeutoa bila onyo anakosea. Hata kwa mipangilio salama, sekunde chache za mwisho za kunakili huwa bado ziko RAM, kwa hivyo usifute kadi ya kamera mara tu mstari wa skrini unapofika mwisho. Ukiwa na pesa za kutumia, tumia kwenye UPS ndogo inayoipa seva dakika za kujizima vizuri.

Fremu kubwa, ile mipangilio ya MTU 9000, nayo huimbwa sana. Kwenye gigabiti itakuongezea kama asilimia 5: kutoka 118 hadi karibu 124. Na kifaa kimoja kisichoikubali kikiwemo njiani, utapata matatizo ya ajabu yasiyoeleweka. Iache.

Je, usinunue kabisa?

Sisemi hivyo. Kuna wakati kununua ndiyo jibu. iperf3 ikikupa 940, diski zikitoa 200, prosesa ikiwa na nafasi, na kazi yako ni kuhariri video moja kwa moja kutoka kwa seva, basi umeifikia dari ya gigabiti kihalali. Kiwango cha gigabiti 2.5 kilipitishwa mwaka 2016, na kwa kawaida hupita kwenye Cat5e ile ile uliyo nayo. Nunua kadi mbili na swichi, ufurahi. Lakini unanunua kwa sababu umepima, na unajua shilingi yako inakwenda kutoboa dari ipi.

Wengine watasema muda ni pesa, na kwamba wao hawana muda wa kucheza na amri za Linux. Ninaelewa. Ila linganisha saa moja ya kupima na safari mbili za mjini, kufunga diski mpya, kuhamisha data yote kwa kasi ile ile ya 11, kisha kugundua kwamba hakuna kilichobadilika.

Wazee walisema mali bila daftari huisha bila habari. Basi chukua daftari. Andika kasi ya mtandao pande zote mbili, kasi ya diski, na hali ya prosesa. Badilisha kitu kimoja tu kwa wakati mmoja, upime tena, uandike. Ukibadilisha vitatu kwa mpigo na kasi ikapanda, hutajua kilichoponya. Ikishuka, hutajua kilichoua.

Na ukishapata 110 yako, fanya ile bakapu usiku huo huo. Hiyo ndiyo ilikuwa kazi tangu mwanzo.